Askari aliyeua, akatubu, akapata mke mwema: riwaya za mapenzi za makauboi tuzipime kwa kipimo gani?

#1 MsomajiWaUsiku

Salaam wakuu.

Nina jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita. Mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi za Marekani ya magharibi, zile za makauboi, ranchi na treni za moshi. Mwaka wa kumi na tano huu. Nyingi nazinunua kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini pale Posta, Dar. Ukishasoma kumi unaijua ya kumi na moja: mjane ana shamba na deni, mgeni anafika juu ya farasi aliyechoka, wanaoana kwa sababu ya shida, mapenzi yanakuja baadaye, tajiri anayetaka kunyakua shamba anashindwa, mwisho mwema. Nazipenda na sioni haya kulisema.

Sasa nimesoma At Love's Command ya Karen Witemeyer, ya mwaka 2020. Inaanzia Wounded Knee, Dakota Kusini, Desemba 1890, siku jeshi la Marekani lilipowaua Walakota, wenyeji wa asili wa huko. Mhusika mkuu wa kiume ni ofisa wa kikosi hicho hicho, cha saba cha wapanda farasi. Damu inamchosha, anaacha jeshi, anaanza kuitumia bunduki kuwatetea wanyonge huko Texas, anakutana na daktari wa kike, anapendwa. Mwaka 2021 kitabu kilipewa tuzo na chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani. Siku chache baadaye tuzo ikafutwa, kwa sababu wasomaji walipiga kelele.

Nilikisoma kabla sijajua habari za tuzo. Penye toba nililia. Nilipojua, nikarudi kurasa za mwanzo, nikasoma tena taratibu, na sikuweza kulala.

Naomba mnisaidie. Riwaya ya namna hii unaipima kwa lipi? Kwa kile ilichoahidi, yaani mapenzi na mwisho mwema, au kwa ardhi inayoikanyaga? Na tuzo ilifutwa kwa haki?

#2 Nyangumi

Dada, miaka kumi na tano na makauboi na bado uko Posta? Hata Kongwa hujapanda basi ukawaone wenye ng'ombe wao?

Tukija kwenye mada: hiyo tuzo ni RITA, nimewahi kuisikia. Mimi naona waliifuta kwa kuogopa mitandao. Kitabu hakikubadilika hata herufi moja kati ya siku ya kupewa na siku ya kunyang'anywa. Waamuzi walikisoma, wakakipa alama, wakakichagua. Kama kilikuwa kibaya, kwa nini hawakukiona kibaya wakati kiko mikononi mwao?

#3 Kalamu_Nyekundu

Nyangumi, marekebisho kidogo. Si RITA. RITA ilibeba jina la Rita Clay Estrada, rais wa kwanza wa chama hicho, Romance Writers of America. Mwaka 2020 waliizika wakaunda nyingine, Vivian, kwa heshima ya Vivian Stephens, mhariri mwanamke Mweusi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama mwaka 1980. Sababu ya kubadilisha ndiyo inayoeleza hasira za 2021. Katika historia yote ya RITA, mwandishi Mweusi hakushinda mpaka 2019. Hebu fikiria: chama kimeanzishwa na mwanamke Mweusi, halafu wenziwe wanasubiri karibu miaka arobaini.

Kwa hiyo Vivian ya kwanza, hiyo ya 2021, ilikuwa ndiyo ahadi kwamba nyumba imefagiliwa. Na ndani ya mwaka huo huo wa kwanza wanakipa tuzo kitabu kinachoanza na mauaji ya Walakota, shujaa akiwa upande wenye bunduki. Kilikuwa kwenye kundi la riwaya zenye mambo ya dini. Mwanzoni chama kilijitetea kwamba hadithi za toba ni kawaida ya kundi hilo. Baadaye wakageuka, wakafuta.

Jambo jingine. Kwa chama hicho, riwaya ya mapenzi inahitaji vitu viwili tu: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na uwe wa matumaini. Historia haimo kwenye maelezo hayo. Waamuzi walipima kwa rula waliyopewa.

#4 Mwalimu_Fani

Nimefundisha fasihi sekondari kwa muda mrefu, na naomba nisimame na rula hiyo kidogo kabla hamjaivunja.

Sisi wenyewe tuna majina ya mambo haya. Kuna riwaya dhati, yaani zile nzito, na kuna riwaya pendwa. Pendwa inakwenda kwa kanuni, na msomaji anaipenda kwa sababu ya kanuni hiyo. Mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani nane, yaani silabi nane. Hatumlaumu mtunzi kwamba mishororo ya ubeti wa mia mbili ina mizani nane kama ya ubeti wa kwanza, tunauliza amefanya nini ndani ya hizo nane. Vivyo hivyo kauboi na mjane. Unajua wataoana. Unauliza: mazungumzo yao yana uhai? Kizuizi kati yao ni cha kweli au kingeondoka kwa sentensi moja? Mwanamke ana akili yake, au anangoja kuokolewa kila sura?

Mwaka 1984 msomi wa Marekani, Janice Radway, alichapisha utafiti juu ya wanawake wa mji mmoja ambao alilificha jina lake. Walikuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Walimwambia kwamba muda wa kusoma ndio muda pekee ambao hakuna mtu anayewadai kitu, si mume, si mtoto. Tena walikuwa wakali kuliko wahakiki wa vyuo. Mwanamume katili walimkataa. Mwisho wa huzuni walikataa. Baadhi yao walifungua ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa.

Kwa hiyo nikisikia "hizi ni takataka", namuuliza msemaji amesoma ngapi.

#5 MtuWaNarok

Mwalimu, nakuheshimu, ila utenzi hauchukui shamba la mtu.

Mimi ni Mmaasai na nimesoma hivi vitabu. Dada yangu alikuwa navyo sanduku zima, na wakati wa kiangazi nilikuwa naenda navyo malishoni. Sikuwahi kuona kosa lolote mpaka nilipofika chuo na kusoma mkataba wa Wamaasai na Waingereza wa 1904 na ule wa 1911. Wa kwanza ulituondoa Bonde la Ufa, tukaambiwa Laikipia ni yenu. Wa pili ukatutoa na Laikipia. Mwaka 1913 wazee walikwenda mahakamani, kesi ikatupwa bila kusikilizwa kiini chake. Na miaka ya 1920 kulikuwa na waandishi wa Kiingereza wanaotunga riwaya za mapenzi kwenye mashamba ya walowezi hapo hapo Kenya! Binti anatoka Uingereza, anafika nyanda za juu, anampata mwenye shamba, jua linazama. Sisi tumo kwenye hadithi hizo: tunashika hatamu za farasi.

Baada ya hapo nikichukua riwaya ya ranchi, jambo la kwanza ninalouliza ni hili: bonde hili alikuwa analisha nani kabla ya mjane kufika? Kitabu kikiandika "ardhi tupu" nakifunga. Marekani kuna sheria ya 1887 iliyokata ardhi za makabila vipande vipande na kuuza iliyobaki. Mwaka ule walikuwa na ekari milioni 138 hivi. Kufikia 1934 zilibaki kama milioni 48. Hizo milioni 90 ndizo "ranchi ya babu" kwenye vitabu vyetu.

Dada mleta uzi, machozi yako si kosa. Lakini angalia ni nani aliyepewa nafasi ya kutubu na ni nani aliyepewa nafasi ya kufa tu.

#6 Chapa_Ngombe

Niko Dodoma, mtu wa mifugo. Mke wangu ndiye mwenye vitabu, mimi navisoma umeme ukikatika, kwa tochi ya kichwani. Naomba niseme kitu ambacho hakuna aliyekigusa: ng'ombe.

Riwaya ya ranchi ambayo ng'ombe ni pambo naiona imedanganya tangu mwanzo. Kuna moja mwanamume anahamisha ng'ombe elfu mbili, halafu kila jioni ana nafasi ya kuoga mtoni na kukaa na binti kwenye majani. Elfu mbili? Nani analinda? Usiku ng'ombe wanashtuka kwa radi, wanatimka, watu wanakanyagwa. Kauboi wa kweli miaka ya 1870 alilipwa kama dola 30 hadi 40 kwa mwezi, analala kwa zamu, na kazi ni vumbi mdomoni.

Na ugonjwa! Ng'ombe wa Texas wenye pembe ndefu walikuwa wanabeba homa inayoenezwa na kupe. Wenyewe hawafi, wameizoea, kama ng'ombe wetu wa asili walivyo na ndigana. Wakipita Kansas, ng'ombe wa watu wanakojoa damu na kufa. Wakulima wakatoka na bunduki, jimbo likaweka mipaka ya karantini. Ni 1893 ndipo watafiti wa Marekani, Smith na Kilborne, walipochapisha uthibitisho kwamba ni kupe. Hebu fikirieni riwaya ya mapenzi humo ndani: kijana wa Texas anampenda binti wa mkulima wa Kansas, na kundi lake ndilo linaloua ng'ombe wa baba mkwe, wala hakuna anayejua kwa nini. Hicho ni kizuizi cha kweli, Mwalimu, hakiondoki kwa sentensi moja. Mke wangu anasema hajakutana nacho.

Kipimo changu basi: mwandishi anaijua kazi ya watu wake? Asiyejua jasho la mtu hajui na mapenzi yake.

#7 Nyangumi

Mleta uzi kauliza mapenzi, daktari wa ng'ombe kaleta josho. Hongera kwa shemeji yetu, anavumilia mengi.

#8 Chapa_Ngombe

Shemeji yako ndiye aliyenituma niandike. Amesema nisisahau kuwaambia kwamba Ranchi ya Kongwa kuna upepo mtamu kuliko wa Texas.

#9 BintiShangani

Assalaam aleikum. Mimi naandika kutoka Maskati, kwetu Unguja.

Nimeona wengi huko nje wanaicheka ndoa ya shida kwenye vitabu hivi, wanasema hakuna mtu anayeolewa na asiyemjua. Mimi nilifungishwa nikahi kwa uwakili. Mume yuko huku, mimi niko Shangani na baba yangu, sauti ya mume nimeisikia kwa simu mara nne, uso kwa picha. Nilipofika uwanja wa ndege nilimtambua kwa shati alilonitumia picha yake. Wiki tatu za mwanzo tulikuwa tunaongea kama wapangaji. Siku moja nikaungua mkono jikoni. Akauosha, akakaa sakafuni kando yangu mpaka maumivu yakapoa, hakusema kitu. Hapo ndipo ndoa yangu ilipoanza, si kwenye nikahi.

Basi nikisoma bibi harusi aliyeagizwa kwa barua kutoka Boston anashuka kwenye treni huko Wyoming, namjua. Nayajua yale mawazo ya "nikigeuka sasa hivi je". Janette Oke, yule mama wa Kanada, alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1979: mwanamke kafiwa na mume akiwa safarini, na siku hizo hizo anaombwa na mwanamume mwenye mtoto mdogo waoane ili mtoto apate mlezi. Nilikisoma nikiwa na mimba ya kwanza. Hakuna busu la maana kitabuni humo na sikuweza kukiweka chini.

Kwa hiyo mimi kipimo changu ni saa za katikati. Zile siku ambazo watu wawili wako nyumba moja na hawajui waanzie wapi. Mwandishi akiziruka siku hizo, hata akileta farasi weupe kumi, kwangu ameshindwa.

#10 MtuWaNai

BintiShangani umenigusa. Hiyo ya mkono ulioungua nimeisoma mara tatu.

Kwa upande wetu Nairobi, vitabu tulinunua inama, pale barabarani, unainama unachagua. Bwenini tulikuwa na kitabu kimoja kwa wasichana sita, na mlezi wa bweni akikipata anakichoma. Tukaamua kukikata vipande sita kwa wembe, kila mtu anaficha chake ndani ya godoro. Shida ni kwamba vipande havikuzunguka kwa mpangilio. Mimi mara nyingi nilianza na cha mwisho. Nilijua wameoana kabla sijajua majina yao. Halafu nikarudi kipande cha pili, cha tano, nikawa nasoma nikijiuliza: hawa wanaochukiana hivi, wamefikaje kule? Mpaka leo nasoma hivyo. Mwisho nautazama kwanza kama wale kina mama wa Mwalimu.

Na nasema hivi kuhusu hukumu: vitabu vya kijasusi vya kaka zetu vilikuwa na mauaji kila ukurasa, na hakuna mlezi wa bweni aliyevichoma. Tulichomewa sisi. Kitabu ambacho msichana anapendwa na kusikilizwa ndicho kilionekana sumu. Msiniambie chuki hii ni ya fasihi. Ni kwa sababu wasomaji wake ni wanawake.

Hizo za Mills & Boon na za Harlequin ya Marekani zote tulikata. Samahani kwa waandishi.

#11 Kalamu_Nyekundu

Harlequin ni ya Kanada, dada. Ilianzishwa Winnipeg mwaka 1949. Mills & Boon ni ya London, 1908, na mwanzoni ilichapisha vitabu vya kila aina, mapenzi yakaja kuwa kazi yake kuu miaka ya 1930. Harlequin ilianza kuchapisha upya vitabu vya Mills & Boon 1957, ikainunua kabisa 1971. Kwa hiyo mlikata kampuni moja mkidhani ni mbili.

Na sikubali kwamba sababu ni wanawake peke yake. Za Kiswahili pia, riwaya pendwa za miaka ya sabini na themanini, za wanaume kwa wanaume, ziliitwa za kupotosha vijana. Mtu aliyesoma sana huwa anaogopa kitabu kinachosomeka haraka.

#12 MtuWaNai

Asante kwa Winnipeg. Lakini hizo za wanaume ziliitwa za kupotosha, hazikuchomwa. Nilikuwepo.

#13 MamaWaKwaya

Bwana asifiwe. Nimesoma uzi wote na ninaona toba imetajwa kama vile ni mbinu ya mwandishi.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani tulisoma Redeeming Love ya Francine Rivers, ya 1991, iliyojengwa juu ya kitabu cha nabii Hosea. California, wakati wa kukimbilia dhahabu, mkulima anaambiwa na Mungu amuoe kahaba. Tuliisoma miezi miwili. Mama mmoja ambaye hajawahi kuongea kikundini aliongea. Sitasema aliongea nini.

Kwa hiyo mimi naamini muuaji anaweza kutubu. Kama hawezi, Paulo tunamweka wapi? Alisimama akitunza nguo za waliompiga Stefano mawe. Kitabu cha mleta uzi kinasema askari aliona alichofanya na moyo ukavunjika. Hilo ni jambo kubwa. Kulifutia tuzo ni kusema neema ina mipaka ya kabila.

#14 MtuWaNarok

Mama, shikamoo. Sijasema asitubu. Nauliza anatubu kwa nani.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, alipotubu alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Alirudi kwa aliowadhulumu. Askari wetu anatoka Dakota anakwenda Texas kuwatetea watu wa rangi yake. Walakota wamebaki nyuma kwenye theluji. Mimi ningekisoma kitabu ambacho anarudi Pine Ridge, kwenye eneo la Walakota, anakaa kwenye mlango wa mjane, mjane anakataa kumfungulia, na yeye anarudi tena kesho.

#15 MamaWaKwaya

Marahaba mwanangu. Hapo kwa Zakayo umenifunga mdomo kwa leo. Nitarudi.

#16 LoriNaNjia

Habari za wakati huu. Niko Minnesota, naendesha lori, kwetu Tanga.

Nimepita Dakota Kusini mara nyingi kwenye I-90, na mwaka mmoja mzigo ulichelewa, nikaiacha barabara kuu nikashuka kusini mpaka Wounded Knee. Msitegemee jengo. Kuna kilima, makaburi, uzio, na jiwe juu ya kaburi la pamoja. Njiani kuna ubao mkubwa wenye maelezo. Pale palipoandikwa neno la kumaanisha "mapigano", wamefunika kwa kipande cha ubao kilichokazwa kwa bolti, na juu yake wameandika neno la kumaanisha "mauaji ya halaiki". Ubao ule ule, neno moja limebandikwa juu ya jingine.

Nilisimama nikausoma mara mbili. Tarehe 29 Desemba 1890. Wanahesabu waliokufa kati ya 250 na 300, wengi wanawake na watoto. Wanajeshi walikuwa na mizinga ya kufyatua haraka juu ya kilima.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Tunabishana kama riwaya ilistahili kunyang'anywa tuzo. Karibu askari ishirini wa siku ile walipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani. Walakota wameomba zifutwe kwa miaka na miaka. Mwaka 1990 bunge lilisema linasikitika sana. Nishani zimebaki. Tuzo ya riwaya ilifutwa kwa siku chache, nishani ya bunduki haifutiki. Sijui niseme nini zaidi, nina kilomita mia nne mbele.

#17 Mwalimu_Fani

LoriNaNjia, safari njema. Huo ubao nimeunakili kwenye daftari langu.

Nitasogea kidogo kutoka nilipokuwa, kidogo tu. Mizani nane ni mizani nane, ila nakubali mtunzi anaulizwa pia amechagua mada gani ya kuitilia mizani. Kuna maumivu ambayo mwisho mwema unayapunguza hadhi. Hata hivyo sikubali kwamba kila riwaya ya ranchi ibebe mzigo wa taifa zima. Kitabu cha BintiShangani kuhusu mama na mtoto wa kambo kinafanya kazi yake vizuri.

#18 MtuWaNarok

Kwenye nyanda za nani, Mwalimu?

#19 Kalamu_Nyekundu

Kabla hamjamaliza usiku kwa hilo, kuna mtu hamjamtaja: Beverly Jenkins. Mwandishi Mweusi wa Marekani, ameanza kuchapisha 1994. Riwaya zake nyingi ni za karne ya 19 na baadhi ziko magharibi kabisa: Nevada, Kansas, maeneo ya makabila. Wahusika wake ni Weusi wenye magazeti, hoteli, shule, beji za polisi. Watu wakishangaa, historia iko naye. Mji wa Nicodemus, Kansas, ulianzishwa na Weusi waliotoka utumwani mwaka 1877. Wanahistoria wengi wanakadiria kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na ufundi wenyewe wa kuchunga juu ya farasi ulitoka kwa Wameksiko. Hata maneno ranchi na rodeo ni yao.

Anayeniambia kanuni ya mwisho mwema haiwezi kubeba historia, namwelekeza huko. Mapenzi yapo, mwisho mwema upo, na hakuna anayefutwa ili shujaa apendeze.

#20 MsomajiWaUsiku

Wakuu, nimesoma kila bandiko, asanteni.

Kalamu, sikuwa namjua huyu mama, nimemtafuta leo hapa Posta, hayupo. Muuzaji kasema Weusi kwenye jalada hawaletwi sana kwenye marobota. Hilo nalo ni hukumu, imetolewa na mtu mwingine kabla kitabu hakijanifikia mimi.

Kuna jambo la mjane nililotaka kuwaongezea wanaosema ni kanuni tu. Sheria ya 1862 iligawa ekari 160 kwa aliyekaa na kulima miaka mitano. Mwanamke mjane au ambaye hajaolewa aliweza kuandikisha kwa jina lake. Aliyeolewa hakuweza. Ndiyo maana mjane anajaa kwenye vitabu hivi: ni mwanamke ambaye sheria ilimwona. Nilimpenda miaka yote hii kwa sababu hati ilikuwa na jina lake. Mama yangu alifukuzwa kwenye shamba la baba siku arobaini baada ya msiba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikisoma mwanamke amesimama mlangoni na bunduki anasema "hili ni langu", naisikia sauti ambayo mama hakupata nafasi ya kuitoa.

Na sasa MtuWaNarok ananiuliza ekari hizo 160 alipokonywa nani. Siwezi kulikataa swali lake. Siwezi pia kumwachia yule mjane. Niko na vyote viwili mkononi.

#21 BintiShangani

Allah amrehemu baba na amfariji mama. Dada, hiyo ya shamba iandike. Usimwachie mwandishi wa Texas.

#22 MtuWaNarok

Pole sana dada. Nilikuwa sijui. Kwetu pia wajane wanaondolewa, tena na sisi wenyewe, si na mlowezi. Nimekaa nalo tangu asubuhi.

#23 MamaWaKwaya

Nimerudi. Nimesoma Luka 19 tena. Bado naamini askari alitubu kweli. Ila nimeona Zakayo anataja kurudisha kabla Yesu hajasema wokovu umefika nyumbani humo. Nitalipeleka Alhamisi kikundini. Nani ana hicho kitabu cha askari nikisome mwenyewe? Sipendi kukitetea nisichokisoma.

#24 Nyangumi

Na mimi foleni. Nilisema waliifuta kwa woga, sijakisoma hata ukurasa.

#25 MsomajiWaUsiku

Ninacho kimoja tu. Nakiweka kwenye basi la Dodoma kesho asubuhi kwa Chapa_Ngombe, akimaliza ampe MamaWaKwaya, halafu Nyangumi. MtuWaNarok ukitaka utakuwa wa mwisho ili ukae nacho muda unaotaka. Tafadhali msikikate vipande.

#26 MtuWaNai

Hiyo ya vipande nimeiona. Salamu kwa wote.

#27 Chapa_Ngombe

Kimefika salama, konda alikifunga kwenye gazeti. Mke wangu alikichukua kwanza, kwa hiyo nimekipata usiku. Nimesoma mwanzo, ile ya Desemba. Nilikuwa nimeandaa kalamu ya kuandika makosa ya ng'ombe. Sijaandika kitu. Nitaendelea Jumapili.